Maneno Ambayo Bibi Hakuyasema

Kwa miaka kadhaa nimeandika ukurasa wa afya katika gazeti moja la Dar es Salaam, na muda wote huo sijakosa mtu wa kunifundisha jinsi ya kuishi. Nimelala kwenye mikeka ya yoga ufukweni, katikati ya wanawake wenye chupa za maji zinazofanana. Nimekunywa juisi za kijani zenye ladha ya majani mabichi. Nimefukizwa mvuke huko Masaki kwenye chumba cha vioo, nikaambiwa kwamba sumu inatoka mwilini, na nilichotoka nacho ni njaa. Nyumbani nikaandika kwamba nilijisikia mwepesi.

Wasomaji wakachoka na wataalamu. Mhariri wangu akaniambia, "Watu wanataka hekima ya asili. Wewe huna bibi?"

Bibi ninaye, mama yake baba, yuko Handeni. Wiki ileile nikaandika kwamba bibi yangu alitulea kwa kutunywesha maji ya moto yenye ndimu kila asubuhi, kabla ya kusema na mtu yeyote. Hakusema hivyo hata siku moja. Bibi akiamka husema na kila mtu, kuku wakiwemo. Lakini wasomaji walipenda, wakapiga simu, wakaomba zaidi, na mimi nikanogewa. Bibi akasema tutafune kimya kimya. Bibi akasema mlonge kwa siku saba. Bibi akasema tuhesabu pumzi kabla jua halijachomoza. Nilijiambia kwamba simdhuru mtu, namheshimisha mzee wangu tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno mazuri.

Kisha shangazi akanipigia simu. Yeye ni binti wa bibi, anauza vitambaa Korogwe mjini, na kwa kawaida husikika hata simu ikiwa mbali na sikio. Siku hiyo alisema polepole.

"Njoo umwone mama. Anasema akili inamtoka. Ameacha kuosha."

Nilikaa chini. Kijijini kwetu bibi ndiye anayeosha maiti za wanawake, tangu kabla sijazaliwa. Kazi hiyo ina utaratibu wake, kipi kianze na kipi kifuate, na bibi ameushika kama alivyoishika sala. Sasa walikuwa wakija kumwita anakataa. "Nikikosea hakuna wa kunisahihisha," alikuwa akiwajibu. "Marehemu hasemi." Shangazi alishampeleka hospitali. Wakampima presha na sukari, wakasema ni uzee tu. Bibi aliporudi akazidi kunywea.

Nilisafiri kesho yake. Njia nzima nilisoma kwenye simu habari za ugonjwa wa kusahau, baadhi nimeziandika mwenyewe, na kila dalili niliyoisoma nilimwona nayo. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani na shangazi pembeni yake. Alikuwa amepungua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huko mjini hamli?"

Utani ulikuwa palepale, nikapumua. Lakini alipotupakulia bada, ule ugali wa muhogo, pamoja na mlenda, alimsogezea shangazi bakuli kwanza. "Onja," alisema. "Sijui kama nimetia chumvi." Chumvi ilikuwepo. Mwanamke aliyepika kwa miaka yote ile alikuwa akiomba ushahidi wa chumvi yake mwenyewe, na mimi nikainamia sahani ili asinione.

Baada ya kula nikatoa karatasi. Nilikuwa nimenakili maswali ambayo daktari mmoja aliwahi kunionyesha nilipoandika kuhusu wazee. Nikamwambia akumbuke maneno matatu: jembe, chungwa, kanga. Nikamwambia atoe saba kwenye mia, kisha atoe saba tena, na tena. Nikamwuliza leo siku gani.

"Jumanne, mwezi wa Mfungo Mosi," alisema. Kisha akatoa saba saba kutoka mia mpaka nilipopotea mimi. Akaongeza kwamba nilizaliwa Ijumaa, mvua ikinyesha, baba yangu akiwa Kerenge kufuata mbegu za mahindi. "Na hayo maneno yako ni jembe, chungwa, kanga. Unanipima kama mtoto wa chekechea?"

Shangazi akacheka. Mimi nilichanganyikiwa. "Bibi, sasa ni kitu gani unachosahau?"

Akainuka, akaingia ndani, akarudi na furushi la kanga, akalifungua mapajani. Yalikuwa magazeti. Kurasa zangu, moja baada ya nyingine, zimekunjwa kwa adabu kama nguo za sikukuu.

"Shangazi yako hununua pale stendi ya Korogwe," alisema. "Akija hunisomea." Bibi husoma Kurani vizuri, lakini maandishi ya gazeti hayajui. "Siku ya kwanza aliposoma kwamba nilikufundisheni habari ya maji ya ndimu, nikasema labda. Mara mlonge. Mara kuhesabu pumzi. Nalala nikijiuliza, haya niliyasema lini? Sikumbuki hata moja, mjukuu wangu. Hata moja. Nikajua kichwa kimekwisha."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Mjukuu wangu hawezi kuniandikia uongo gazetini."

Nilitamani shangazi angekuwa Korogwe, nilitamani mimi ningekuwa popote. Nikateremka kwenye kigoda nikapiga magoti mbele yake, nikamshika miguu.

"Bibi, hukusahau. Hukuyasema. Niliyatunga mimi."

Aligusa ukurasa wa juu. "Yote?"

"Yote."

"Hata ile ya kula kimya kimya?"

"Hata hiyo."

Nilingoja kofi. Badala yake akapiga makofi yeye mwenyewe, akamgeukia shangazi akicheka na machozi yakimtoka. "Umesikia? Niko mzima! Kichwa changu kizima, mwongo ni huyu!" Akanivuta kichwa akakilaza mapajani, juu ya magazeti yale, akawa ananipapasa nywele kama nilipokuwa mdogo. Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo kwa kudanganywa. Nililia mpaka kanga yake ikalowa, naye akaniambia nyamaza, nyamaza, mtu halii kwa habari njema.

Nikamwahidi nitaandika kwamba hayakuwa maneno yake. Niliandika kweli, kwa jina langu, na mhariri akaipa nafasi finyu chini ya ukurasa. Lakini siku ile pale barazani nilidhani ahadi hiyo imemaliza kila kitu. Nilifuta uso, nikaomba chai.

Bibi alikuwa akikunja magazeti. Akaniuliza kama namkumbuka shoga yake, yule wa nyumba ya mkwaju, aliyekuwa akinifichia miwa. Nikasema namkumbuka, shangazi alinipa habari ya msiba. Alifariki mwanzoni mwa Ramadhani.

"Tulikuwa tumeahidiana tangu tukiwa wasichana," bibi alisema. "Atakayebaki atamwosha mwenzake. Walikuja kuniita asubuhi. Nikakaa hapa hapa, nikawasikia wanateka maji, nikaogopa kwenda. Akaoshwa na watu wengine."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua pa kushika. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe."

"Mimi nimeshakusamehe, mke mwenzangu," alisema, akafunga fundo la kanga. "Yeye ndiye sijui tutamwombaje."