Mashine Iliyomsikia Kuka

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani na kurudi nikiwa nimeilamba nusu, siku niliyomsikia babu yangu marehemu akiitika kutoka chini ya ardhi. Najua mtasema nini. Mimi mwenyewe nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, nikawaambia watoto wa watu kwamba mizimu haipo, kisha jioni nikafunga madirisha yangu mapema kuliko majirani wote. Mimi ni mwoga, sifichi. Uoga wangu una siku uliyoanza, na siku hiyo naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu.

Tulikaa Solai, kwenye shamba la Mzungu lililopandwa mkonge mpaka macho yanachoka. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, watu wakitembea na vipande vyao vya utambulisho mfukoni na hofu usoni. Baba alikuwa mkata mkonge siku za kazi na mzee wa kanisa siku ya Jumapili. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kwenye laini ya wafanyakazi, karibu na ua. Kukhu ndiye aliyeiomba hiyo, na mwenye shamba alikuwa amempa miaka mingi kabla sijazaliwa.

Kukhu ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya. Alikuwa mama yake Baba, mwanamke mfupi, mkali wa maneno, mwenye kucheka bila kutoa sauti, mabega yakitikisika tu. Mimi ndimi niliyelala naye, na kwa hivyo mimi ndimi niliyeambiwa siri yake.

Nyuma ya nyumba palikuwa na jiwe bapa kwenye nyasi ambazo hazikufyekwa kamwe. Kuku wakichakura pale walifukuzwa kwa matusi. Chini ya jiwe hilo, Kukhu aliniambia, alikuwa amelala Kuka, babu yangu. Si mwili wake. Katika vita vya kwanza vya Wazungu, Kuka alitolewa kwenye shamba lilo hilo akaenda kubeba mizigo ya jeshi huko kwa Wajerumani, na hakurudi. Aliyerudi ni rafiki yake, na kitambaa kilichofungwa rupia, mshahara wa marehemu.

Kwetu mtu akipotelea mbali huzikwa mgomba badala yake, ili asizunguke akitafuta mlango wa kwao. Kukhu akazika mgomba. Pamoja nao akazika zile rupia zote ndani ya chungu, kwa sababu mgomba ni mwepesi, na mume wake, alisema, alikuwa mwanamume mzito. Baadaye rupia ziliondolewa, shilingi zikaja. Kukhu hakufukua hata moja akabadilishe. Baba alikuwa angali mtoto wa mgongoni wakati huo, na alipokua na kuingia dini hakuambiwa neno, maana mambo kama hayo aliyaita giza.

“Huyo hajalala vizuri,” Kukhu alininong'oneza. “Alikufa akiita watu na hakuna aliyemjibu. Siku mtu akimwita, ataitika. Na akiitika, Nekesa, hataondoka peke yake. Ataondoka na mtu wa nyumba hii.”

Hebu fikiria kumwambia mtoto maneno hayo kisha umwambie alale. Tangu hapo nilipopita jiwe lile nilipita mbio, mkono mdomoni, nisije nikapiga chafya akadhani ameitwa.

Sasa Jumapili moja asubuhi, Baba akiwa tayari amevaa koti lake la kanisa, lori za jeshi ziliingia shambani. Bunduki ya Mzungu wa shamba jirani ilikuwa imepotea, na ilisemekana imefichwa kwetu, kwenye laini. Askari walitutoa nje sote tukae chini mbele ya nyumba zetu, mikono ikionekana. Waliingia nyumba kwa nyumba wakipindua magodoro na kumwaga unga. Kukhu, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua, waliamua kumwacha jikoni.

Walikuwa na mashine. Sikuwa nimeona kitu kama hicho. Ilikuwa mti mrefu wenye sahani mwishoni, na waya uliopanda mgongoni mwa askari kijana hadi kwenye vifuniko viwili vilivyombana masikio. Alikuwa mwekundu usoni, mdogo wa umri kuliko wakataji mkonge wetu wengi. Alipitisha sahani juu ya ardhi polepole, kushoto, kulia, huku kichwa amekiinamisha. Sisi hatukusikia chochote. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anasikia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi ya bunduki. Alikuwa anasikiliza chini.

Afisa wao alisimama mbele ya Baba, nyapara wa shamba akiwa pembeni yake kutafsiri.

“Wewe naficha kitu hapa?” afisa akauliza kwa Kiswahili chao kile.

“Hapana, bwana,” Baba akasema, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. “Kwangu hakuna kitu kimezikwa. Mimi ni mtu wa kanisa. Chunguza pahali popote.”

Alisema kweli yake. Mimi niliyejua ukweli mwingine nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake, nikimwona yule kijana akizunguka nyuma ya nyumba. Niliinuka bila kujijua nikamfuata. Hakuna aliyenizuia, mtoto wa kike ni nani? Nilitaka kuona kama atapita tu.

Hakupita. Alipofika kwenye jiwe bapa alisimama. Alirudisha sahani, akaipitisha tena, akasimama tena, uso umegeuka kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Nilianza kutetemeka meno yakagongana. Aligeuka akaniona, na nadhani alifikiri naogopa chombo chake. Alitabasamu, akachutama, akavivua vile vifuniko masikioni mwake, akanivalisha mimi.

Nimewaza sana juu ya kijana yule. Alikuwa mbali na kwao, labda alikuwa na mdogo wake wa kike wa rika langu. Alikusudia wema, na wema wenyewe ndio ulioleta balaa.

Mwanzo nilisikia mvumo mdogo, kama nyuki wako mbali. Kisha akasogeza sahani juu ya jiwe, na ule mvumo ukapanda, ukawa mlio mrefu, mwembamba, usiopumua. Uuuuuu. Ulikuwa ndani ya kichwa changu. Haukuwa mlio wa mnyama wala wa gari, na mimi sikuhitaji kuambiwa ni nani.

“Kuka anaitika!” nilipiga kelele. “Kuka yuko macho! Baba, kuna mtu chini! Anaitika!”

Nyapara alikuja mbio, afisa nyuma yake. Hakuwa mtu mbaya, yule nyapara, ila alikuwa ameshikwa na hofu kama sisi wote, na akatafsiri kile alichosikia: mtoto anasema kuna mtu chini ya ardhi, yu hai.

Siku zile hilo halikuwa jambo la mizimu. Watu wa msituni walijulikana kwa kujificha kwenye mashimo. Ghafla bunduki zote zikaelekezwa kwenye lile jiwe, na moja ikaelekezwa kwa Baba. Walimburuta hadi pale wakampigisha magoti, koti lake la kanisa limeshikwa kisogoni. Mama akaanza kulia mbele ya nyumba.

“Nani iko chini?” afisa akafoka. “Sema! Wewe nasema hakuna kitu!”

“Hakuna mtu, bwana. Haki ya Mungu, hakuna!” Baba alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa yanauliza, Nekesa, umefanya nini? Jasho lilimtoka likashuka mpaka kidevuni. Kule Solai kila mtu alijua mahali mwanamume alikopelekwa akikutwa na mtu wa msituni chini ya nyumba yake, na kwamba wengine hawakuonekana tena. Baba angeapa mpaka sauti ikauke, na mashine ingeendelea kulia.

Ndipo Kukhu alipotokea mlango wa jikoni, jembe mkononi.

Alikuja polepole kwa sababu ya magoti, na nikadhani watampiga risasi kabla hajafika. Kijana wa mashine alisema kitu kwa lugha yao, na bunduki zikashuka kidogo.

“Mwambie huyo Mzungu,” Kukhu akamwambia nyapara, “chini hapa ni mume wangu. Hana bunduki. Mtoto wangu hajui kitu, sikumwambia. Nitamtoa mwenyewe, halafu wamwachilie kijana wangu.”

“Mama, usifanye hivyo,” nyapara akasema kwa sauti ya chini. Yeye pia alikuwa mtu wa kwetu magharibi. Alielewa mara moja Kukhu anataka kufanya nini.

“We tafsiri tu.”

Alisukuma jiwe kwa mguu. Kisha, kabla ya kuinua jembe, aliinama akaongea na ardhi. Nilikuwa karibu, nimejishika kwenye sketi yake, nikasikia kila neno.

“Ni mimi,” alisema. “Usikasirike. Ukitoka usimtazame huyu mtoto. Usimtazame kijana wako, ana watoto. Nitazame mimi. Nimekaa hapa muda wote huu nikikungojea, kwa hivyo nitazame mimi.”

Akalima. Mgomba ulikuwa umeoza zamani, udongo pale ulikuwa mweusi tu na laini. Jembe likagonga chungu, nami nikafumba macho.

Nilipofumbua, afisa alikuwa amemimina rupia kwenye nyasi. Zilikuwa zimeshika weusi. Alisugua moja kwa kidole, akaona kichwa cha mfalme wa zamani mwenye ndevu, babu wa malkia wao. Alicheka, cheko fupi la mtu aliyejiona mjinga mbele ya askari wake.

“Hii pesa kwisha kufa zamani,” akasema.

“Ndiyo, bwana,” akajibu nyapara. “Na mwenyewe pia.”

Walimwachilia Baba. Waliendelea na nyumba nyingine, bunduki haikupatikana, lori zikaondoka. Kijana wa mashine alinipungia mkono kutoka kwenye lori. Sikumpungia.

Baba alijipangusa udongo magotini, akachukua Biblia yake, akaenda kanisani akiwa amechelewa. Aliporudi, Kukhu alikuwa amesharudisha kila kitu shimoni na jiwe juu yake, na Baba akajifanya hajaona.

Mngedhani hofu yangu iliisha hapo. Ndiyo kwanza ilianza. Kuka alikuwa ameitwa na alikuwa ameitika, na mimi pekee ndimi niliyesikia amepewa nani. Usiku nililala mkono wangu ukiwa kifuani pa Kukhu, nikihesabu pumzi zake mpaka usingizi uniibe. Akikohoa niliketi. Akichelewa kisimani nililia. Alinicheka, mabega yakitikisika. “Mbona unanichunga kama mbuzi wa kuuzwa?” alisema. Hakuniambia nisiogope. Hakuwa mtu wa kusema uongo ili mtoto atulie.

Alikufa msimu uo huo, kabla mahindi hayajakomaa. Kilikuwa kifua. Mganga wa zahanati ya shamba alisema kifua kile alikuwa nacho miaka mingi, na sina sababu ya kumbishia. Lakini nilikuwa na mkono wangu juu yake alfajiri ile, na nilijua aliondoka na nani.

Baba aliomba kwa mwenye shamba azikwe nyuma ya nyumba. Watu wa kanisa walishangaa, maana palikuwa na pahali pengine pa kuzikia. Wachimbaji walipokifikia chungu walirudi nyuma, hakuna aliyetaka kukigusa. Baba alivua koti lake la kanisa, akampa Mama, akashuka shimoni mwenyewe. Alikitoa chungu, na Kukhu aliposhushwa, akakiweka ubavuni mwake. Kisha yule mtu aliyetufundisha kwamba wafu hawasikii akasema, mbele ya mchungaji wake:

“Mzee, umepata wako. Sasa tuachie hawa wengine.”

Nimekaa na jambo hili maisha yangu yote. Kama Baba angejua habari ya chungu, angekifukua bila kuwaza, angepiga na mbinja juu yake, maana kwake chini hapakuwa na mtu. Asingekuwa ametoa kitu. Kukhu ndiye aliyeamini. Alijua kwa hakika, kama mimi ninavyojua jina langu, kwamba jembe lile linamuua, na alikuja nalo kwa miguu mibovu ili Baba ainuke pale alipopiga magoti. Kama Kuka aliitika kweli au ni rupia tu zilizolia kwenye waya, hilo waamue wasiokuwepo. Mimi ninajua bei aliyokubali kulipa.

Juzi mjukuu wangu alikuja hapa Nakuru na mashine kama ile, ila nyepesi, imeagizwa kwa simu. Vijana siku hizi wanazunguka mashamba ya zamani ya Wazungu wakitafuta sarafu; wanasema kuna watu mjini wanaonunua. Alizika kijiko kwenye bustani yangu ili anionyeshe. Hii haina vifuniko vya masikio, inalia hadharani. Ilipopanda ule mlio, nilijikuta nimeshika ukuta.

“Kukhu, uko sawa?” akauliza. Sasa mimi ndimi Kukhu. “Mama anasema mlikaa Solai. Hakuna mahali unakumbuka watu walizika vitu? Unionyeshe tu, nitachimba mwenyewe.”

Nilimtazama, kijana mzuri, macho yale yale ya Baba.

“Kwetu hakuna kitu kilichozikwa,” nikamwambia, kwa sauti iliyotulia kabisa. Kisha nikamshika mkono na sikumwachilia mpaka alipoizima mashine.