Jagi la Mgeni wa Serikali

Nicheke mimi kwanza, ndipo nanyi mcheke. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa shule yetu hapa Newala, bingwa wa kumtambua mkubwa kwa mbali.

Utaratibu wa serikali ni mwepesi mno: wananchi tupandishe kuta, mhandisi wa wilaya azikague, akiridhika tuletewe bati. Kina mama walipanda na maji kichwani kutoka bondeni mpaka kuta zikasimama.

Siku ya ukaguzi alitangulia mtu wa baiskeli, vumbi hadi kwenye kope.

"Mwenyekiti, naomba maji ya kunywa."

"Haya ni ya mgeni wa serikali," nikamjibu. "Kaa kule kwenye matofali, usituharibie shughuli."

Mama Fatuma, aliyeyateka maji hayo, akaninong'oneza, "Baba Juma, mpe tu." Nikamkata jicho.

Kisha ikaja pikapu nyeupe, akashuka bwana mwenye shati lililopigwa pasi. Hata jina sikumuuliza. La nini, na pasi ile? Nikammiminia maji akanywa yote, nikamtembeza kila darasa, watoto wakamwimbia. Akagonga kuta, akatabasamu.

"Jengo zuri," akasema. "Mkishaezeka nalikodi msimu mzima. Sisi wanunuzi binafsi wa korosho tunahangaika sana na maghala."

Nikageuka polepole. Mtu wa baiskeli alikuwa ameshafungua futi kamba, anapima ukuta wetu, midomo imemkauka. Jagi nilikuwa nalo mkononi, tupu.