Emilian na Begi Lake Jepesi

Watu wa kijiji chetu cha Ntobeye walimcheka kaka yangu Emilian kwa lile begi lake la mgongoni. Alilinunua kwenye soko la kambini, mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka na kambi ikajengwa karibu nasi. La nailoni, jepesi hata likijaa. Siku ya safari alitia ndani kipande cha turubai, kisufuria na pakiti ya biskuti. Basi. "Mlima haupendi mizigo," alituambia, kana kwamba mlima ulimnong'oneza yeye peke yake.

Mimi nilijitwisha kibuyu cha pombe ya ndizi juu ya ingata ya majani makavu ya mgomba. Dada yetu Esperansia alijitwisha kikapu cha maharage na mkeka juu yake. Ukweni hakuendwi mikono mitupu, tena baada ya msiba. Deodata, mke wa Emilian, alikuwa amefariki kwa kuhara damu mwezi mmoja nyuma. Binti yao Suzan alipelekwa kwa bibi yake, kijijini Nyakahura, mama alipoanza kuugua, na sasa tulikwenda kumchukua. Emilian hakubakiwa na mwingine nyumbani.

Tulikata milimani kwa sababu barabara ilijaa watu na malori. Vilima vilikuwa vipara, miti yote imekwisha kuwa kuni za kambini. Emilian alitangulia mbali.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Esperansia alimrushia.

Alisikia, akazidi kupanda. Tangu mazishi alikuwa hivyo. Hakulia, hakukasirika, ukimpa chakula anakula, usipompa haulizi. Ningefurahi hata angenitukana. Mkono nilioshikia kibuyu ulikufa ganzi, nikawaza, kumbe ndugu yangu yuko hivi mwili mzima.

Tulifika siku ya pili mchana. Bernadetha, mama mkwe wake, alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akatukaribisha kukaa. Kisha akainama karibu na Emilian.

"Mkwe, mtoto hajaambiwa. Kwetu habari ya kifo cha mama huisema baba. Nimelimeza neno hili mwezi mzima. Sasa ni lako."

Suzan akaja mbio kutoka nyuma ya nyumba. Alitupa shikamoo mmoja mmoja, kisha akachungulia njia tuliyotokea. Safari zao zote zilikuwa hivyo: baba mbele, mikono mitupu, mama nyuma na mizigo.

"Baba, mama yuko nyuma?"

Moyoni nilimsihi aseme.

"Ndiyo," alisema. "Yuko nyuma. Anakuja."

Bernadetha alijifunika uso kwa kanga. Mimi nilitaka kumpiga kaka yangu, Mungu anisamehe. Lakini hakuna aliyemsahihisha, maana neno lile halikuwa letu kulisema.

Asubuhi tulipoaga, Emilian alimshika Suzan mkono. Mtoto akauchomoa.

"Siendi. Mama akifika asinikute?"

Emilian alimtazama. Tulimngoja aseme, bibi naye akangoja. Kaka yangu akavaa begi lake, akatoka.

Tulikuwa tumeshavuka ua wakati Suzan alipopaza sauti. "Shangazi! Mkikutana na mama njiani, mwambieni afanye haraka."

Esperansia alisimama. Hakugeuka.

"Haya mwanangu," alisema. "Tutamwambia."