Mkekani, Tulipojifunza Kuchunga Ulimi

Mwezi ulipojaa, wavuvi wa Kalemie hawakwenda ziwani. Ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, hufuata taa, na mbele ya mwezi mkubwa taa haina kazi. Bwana yangu, mtu wa Fizi aliyeshuka kusini kufuata samaki, alikaa nyumbani akishona nyavu. Sisi wanawake tulitandika mkeka nyuma ya nyumba ya wifi yangu, tukasukana nywele. Wakati ule wa Zaire tulikuwa vijana bado, na mimi sijapata tena raha kama ile.

Jirani yetu mmoja alikuwa mama wa Ceylan, kile kisiwa cha karibu na Uhindi. Bwana yake aliletwa kutengeneza mashine za kiwanda cha nguo. Kiswahili alikiokota sokoni, akakisema kama sisi. Siku za mwezi mkubwa alivaa nguo nyeupe, na baada ya saa sita mchana hakula kitu.

“Kwetu hii ni siku ya Budha,” aliniambia.

“Na kwetu ni siku ya samaki kupumzika,” nikamjibu, tukacheka.

Ndiye aliyenieleza yale makatazo matano wanayoyashika watu wa Budha: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa pombe. Yalinigusa, lakini la kwanza likanishinda.

“Mama, watoto wangu wanakula kwa ndagala. Nitaanzia wapi?”

“Mimi pia nanunua ndagala zako,” akasema. “Anzia mahali mkono wako unafika.” Akagusa midomo yake. “Hapa. Uongo, maneno ya kuumiza watu, maneno usiyoyajua. Hayo hayalishi watoto.”

Sikuacha misa wala rozari. Ila ulimi, nilisema, nitajaribu kuuchunga.

Jaribio halikukawia. Nyumba iliyopakana na yangu ilikuwa na bibi kijana. Bwana yake alikuwa amevuka kwenda Kigoma na magunia ya ndagala, hakurudi. Pale mkekani habari yake ilikuwa tamu kama muwa.

“Si ni weye jirani yake,” wifi yangu aliniuliza, vidole vyake kichwani mwangu. “Unasikia nini kule?”

Nilikuwa nimemsikia akilia, ukuta wetu ni mwembamba. Kusema sikusikia kitu kungekuwa uongo.

“Muende mumuulize mwenyewe,” nikasema.

“Ee! Umekuwa masera wa misioni sasa? Tukutafutie kile kitambaa chao cha kichwa?” Wakacheka wote, na wifi akanivuta nywele hadi machozi yakanitoka.

Baada ya hapo hawakuniita tena. Nilimsuka binti yangu mlangoni, peke yetu, nikisikia vicheko vya wenzangu nyuma ya nyumba ya wifi. Niliumia, sifichi. Nilitamani hata niitwe nitukanwe.

Mchana mmoja yule bibi kijana akaja na kitana chake. Akaketi chini, kichwa kati ya magoti yangu. Nilikuwa nimefika nusu aliposema, “Ameoa kule Kigoma. Mfanyabiashara mmoja ameniletea habari. Ulijua?”

“Nilijua tu kwamba unalia.”

“Na haukuwaambia wamama?”

“Machozi ni yako, mudogo wangu.”

Alilia hadi pagne niliyojifunga kiunoni ikalowa. Nikaendelea kusuka polepole.

Mwezi uliofuata ulipojaa, alinishika mkono tukaenda pamoja mkekani. Hakungoja kukaribishwa. “Bwana yangu ameoa Kigoma,” akasema. “Sasa mumejua.”

Hakuna aliyecheka. Wifi yangu alimvuta, akamlaza mapajani mwake, akaanza kufumua nywele nilizozisuka vizuri kabisa, apate sababu ya kumshika kichwa. Kisha mmoja akaeleza ya bwana yake, na mwingine ya kwake, hadi jua likashuka. Mama wa Ceylan alijifuta macho kwa ncha ya nguo yake nyeupe.

Kiwanda kilipolegea, yeye na bwana yake wakarudi kwao. Tulimsindikiza hadi bandarini, tumebeba vitu vyake kichwani. Mimi niliyejifunza maneno kwake sikupata hata moja zaidi ya “Mama, ufike salama.” Nyumba yake ikachukuliwa na mtu wa duane, wale wa ushuru bandarini, mwenye mbwa wakali. Kwa muda mrefu, nikipita na beseni la ndagala, nilijikuta nimeshapiga hodi pale mlangoni, na mbwa wakinibwekea.