Trela Ukingoni mwa Ziwa

Msusi alikuwa mtu wa maneno. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili na feni inayolalamika, katikati ya jiji, chini ya jengo ambalo ngazi zake hazikauki maji. Wateja waliendelea kukaa hata baada ya kusukwa, ili wamsikilize tu. Ndiyo maana mumewe, fundi wa majokofu aliyejulikana kwa jina la Baridi, alijua mambo yameharibika alipogundua kwamba mke wake amekuwa bubu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Chanzo kilikuwa mama mkwe. Tangu apasuliwe nyonga, bibi huyo aliishi nao, na Msusi ndiye aliyemwogesha, akamvisha na kumshika mkono kwenda msalani kabla ya kukimbilia kazini. Hakuwahi kulalamika. Siku moja akarudi mapema, akamsikia mama mkwe akimwambia jirani mlangoni, "Mke wa mwanangu hana ubaya, ila mkono wake mzito. Ananiogesha kama anasugua sufuria."

Jirani akacheka. Msusi akapita katikati yao bila salamu. Tangu siku hiyo wawili hao walizungumza kwa kumpitia Baridi.

"Mwambie mama yako chai iko mezani."

"Mwambie mkeo nimeshiba."

Na Baridi, aliye hapo hapo mezani, akawa anageuza shingo huku na huku mpaka ikamuuma.

Mwishowe akaazima trela la kulala kwa rafiki yake, akalifunga nyuma ya gari, akatangaza kwamba wote watatu wanakwenda kupumzika hifadhini. Hifadhi yenyewe haikuwa mbali. Ilikuwa msitu na ziwa pembeni mwa jiji, karibu kiasi kwamba maghorofa yalionekana ng'ambo ya maji, na upepo ukigeuka zilisikika honi. Mvua ilikuwa imenyesha siku nzima iliyotangulia. Baridi akaliegesha trela juu ya mteremko ulioshukia ukingo wa ziwa, mahali penye mandhari nzuri, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akashusha mguu wa chuma wa mbele, kisha akalifungua kutoka kwenye gari.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana akasema gesi imekwisha, anakwenda kutafuta mtungi mwingine. Aliondoka mbio mbio, huku akikwepa macho ya mkewe. Msusi akashuku kwamba mtungi bado una gesi, na kwamba mumewe anawaachia uwanja wapatane.

Hawakupatana. Mama mkwe alijilaza kitandani, upande wa nyuma wa trela. Msusi alibaki upande wa mbele, penye jiko na sinki, akiosha sufuria kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika.

Kwanza vikombe viligongana. Halafu sakafu ikamponyoka. Jiwe lilikuwa limezama kwenye tope, na trela likaanza kurudi nyuma, polepole kama mtu anayesita, kisha kwa kasi. Msusi akashika sinki. Miti ikapita dirishani. Mama mkwe akapiga ukelele, kukasikika kishindo, vyombo vyote vikamwagika, na trela likasimama.

Upande wa nyuma ulikuwa umeinama. Kupitia dirisha la kitandani, Msusi hakuona nyasi tena. Aliona maji, mbali huko chini.

"Mama, umeumia?"

"Sijui. Kuna nini?"

Msusi akapiga hatua moja kumwendea. Trela likatoa mlio wa chuma, likainama zaidi. Akarudi alikotoka.

"Usisogee!" sauti ya mwanamume ikasikika kutoka nje. Ilikuwa ya jirani yao wa kambini, bwana mnene ambaye tangu jana alishinda na kaptura ya maua. "Mmening'inia ukingoni! Kuna kamti kadogo tu kamezuia gurudumu. Dada, baki huko huko mbele!"

"Mama yuko nyuma! Hawezi kutembea vizuri!"

Bwana Kaptura akatukana, akaita watu. Punde Msusi akaona kupitia dirisha la mbele vichwa vikikusanyika: mke wa Kaptura akiwa na taulo kichwani, askari wa hifadhi, vijana waliokuwa wakicheza mpira. Wakakidaka chuma cha kuvutia trela, kilichokuwa kimeinuka hewani, wakaning'inia juu yake kwa uzito wao wote. Mlango haukufaa, ulikuwa nyuma, ukifungukia hewani. Njia ilikuwa dirisha hili la mbele. Askari akalivunja kwa kitako cha tochi yake, akafagia vioo kwa koti.

"Toka, dada!"

"Nikitoka, nani atabaki kuwa uzito huku mbele?"

Chini yao mti ukaalika.

"Toka, mwanangu," mama mkwe akasema kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Mumeo asitupoteze sote wawili."

"Mama, nyamaza kidogo, nafikiri."

Juu ya kiti kando yake kulikuwa na mashuka aliyoyakunja asubuhi. Yalikuwa mepesi, yamechakaa; shuka moja peke yake lingechanika. Msusi akalipasua la kwanza kwa meno, likawa mafungu matatu, akaanza kusuka. Vidole vyake vikashika kazi viliyoizoea. Alisuka kwa kubana, akiunganisha shuka na shuka, jasho likimchoma machoni, mti ukilia chini, watu wakipiga kelele nje. Akafunga ncha moja kwenye mguu wa meza uliopigiliwa sakafuni, ncha nyingine akamrushia mama mkwe.

"Jifunge chini ya makwapa. Mafundo mawili. Kaza!"

Mama mkwe akajifunga akiwa amelala. Kisha akateleza kutoka kitandani hadi sakafuni, akatoa mguno uliomkata Msusi maini. Sakafu ilikuwa imemwagikiwa maji ya sabuni, na kila alipojisukuma aliserereka kurudi chini.

Msusi akaegemeza miguu kwenye kabati, akavuta. Bibi akalia.

"Nitakuumiza, mama!"

"Niumize! Vuta! Mkono si mzito? Uutumie leo!"

Msusi akavuta kama mwenye wazimu. Nyuzi zikamkata viganja. Bibi akaja kidogo kidogo, uso umekunjamana, mpaka Msusi akamshika kwapani na kumkumbatia kifuani. Mara ile upande wa mbele ukashuka kwa kishindo, na walioning'inia nje wakashangilia.

"Bado!" Kaptura akafoka. "Mpitishe haraka!"

Msusi akamwinua mama mkwe hadi dirishani, mikono mingi ikampokea. Uzito ulipotoka, chuma kikaanza kuinuka tena. Mti ukavunjika kwa mlio kama wa risasi.

"Achieni!" Msusi akapiga kelele, na bila kufikiri akajirusha nje kichwa kwanza. Akaanguka kwenye tope. Trela likamkwangua kiatu, likapinduka, likaenda kujilaza majini na magurudumu juu.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye nyasi, akimtafuta Msusi kwa macho. Msusi akatambaa mpaka kwake. Akatapika. Bibi akamshika paji la uso, akamfuta mdomo kwa upindo wa gauni lake.

"Nilisema maneno mabaya," bibi akasema.

"Ulisema. Yaliniuma sana."

"Naona aibu kuogeshwa, mwanangu. Aibu ikanitoka vibaya."

Baridi alirudi akiwa na mtungi begani na tabasamu la matumaini. Alipoona mahali trela lilipokuwa, mtungi ulimponyoka, ukabiringika kuelekea ziwani, na Bwana Kaptura akaukimbilia.

Nyonga ya bibi ilivimba, lakini haikuvunjika. Baridi na rafiki yake mwenye trela walinuniana kwa miezi kadhaa. Nyumbani, wanawake hao wawili hawakugeuka malaika. Waligombana kuhusu chumvi, kuhusu redio, kuhusu dirisha lifungwe au lifunguliwe. Ila sasa waligombana wenyewe kwa wenyewe, ana kwa ana, kwa sauti ya juu, na Baridi akala chakula chake akitazama sahani tu.