Machozi ya Siku ya Kuposwa

Siku watu wa kijiji cha Ngungu walipokuja kuniposa, kwetu Kibabi, nilikuwa na furaha hadi miguu haikutulia. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Yule kijana waliyekuja kumposea nilikuwa nimemtamani tangu nilipomsikia kwenye kwaya, akiimba sauti ya chini na kukosea maneno bila aibu yoyote.

Shangazi yangu akanivuta jikoni.

"Usicheke. Mutoto mwanamuke mwenye anacheka mbele ya bakwe, batasema iko na haraka ya bwana. Inama, ulie kidogo."

"Na machozi yakikosa?"

"Fikiri mama yako akibaki peke yake na jembe."

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Msichana anayewaheshimu wazazi wake huposwa akiwa na uso wa msiba. Wageni huleta kibuyu kidogo cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kukiweka mbele yake. Akinywa tone kwa mrija kisha akampa baba yake, amekubali.

Mimi sijui kufanya jambo nusu nusu. Nilipiga magoti, nikalia kwa sauti. Kisha nikasikia kijana yule akikohoa kwa sauti ile ile ya kwaya, na kicheko kikanipanda! Nikajifunika kitenge uso mzima, mabega yakitetemeka. Wote wakadhani ni kwikwi za kilio.

Baba alikuwa mtu mkavu, hakuwahi kuniambia neno laini maishani mwake. Akasimama, akamgeukia mjomba wa kijana.

"Papa, mutusamehe. Murudi na pombe yenu. Huyu mutoto hapendi, na mimi sitamulazimisha."

Kicheko kikakatika hapo hapo. Nilifunua uso. Kijana alikuwa anatazama sakafu, uso hauna habari, kama mtu anayengoja mvua ipite, nami nikaogopa kwamba kweli hajali. Mjomba wake akainama kuchukua kibuyu.

Nilikidaka mikononi mwake. Nikatia mrija mdomoni, na badala ya tone nikavuta, nikavuta, mpaka mrija ukakoroma. Shangazi akajishika kichwa. Kijana akaangua kicheko, naye alikuwa amekatazwa kucheka vilevile! Nilikuwa nalia tena, safari hii kweli, kwa raha tupu, nikamkabidhi baba kibuyu.

Akakitikisa. Hakikuwa na kitu.

"Basi, amekubali," akasema, kwa sauti aliyozoea kufukuzia mbuzi. Akaaga kwamba anakwenda kuwakatia mbuzi majani, akatoka.

Wanawake wakapiga vigelegele, mama akanikumbatia. Moyo wangu ulikuwa unaruka, nikakimbilia dirishani nimwone baba, nimshukuru hata kwa mbali.

Alikuwa shambani, amevaa shati lake la misa, akilima kwa nguvu zake zote pale tulipokuwa tumepanda maharagwe juzi, bila kuona kwamba anayafukua.