Mume wangu amepiga marufuku huzuni nyumbani, na sasa mtoto wetu hasemi akiumia

Admin, ukiweka hii ficha jina langu, maana mume wangu naye ni mfuasi wa ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Dodoma. Serikali ilinileta Mbulu kufundisha, nikaolewa hukuhuku na kijana wa kijiji cha Nambis anayefanya kazi ofisi moja hapa mjini. Tuna binti wa miaka saba. Tulikuwa na mdogo wake pia, wa kiume. Mwaka jana kipindi cha baridi alishikwa na homa ya mapafu, tukamzika kwa wakwe zangu kabla hajajua kutembea.

Mume wangu hakulia. Siku chache baada ya mazishi akaanza kusikiliza kwenye simu mafunzo ya kubadilisha fikra na kuishi kwa furaha. Mwanzoni nilifurahi, nikasema bora hayo kuliko pombe. Akawa anaamka alfajiri, anaoga maji ya baridi, na baridi ya Mbulu mnaijua, halafu anakimbia barabarani mpaka bodaboda wanamtania kwamba anakimbia mahari. Mambo ya mwili wake sikuwa na shida nayo.

Shida ilianza alipotuingiza na sisi. Siku moja nimerudi kazini nikakuta nguo zote za marehemu mwanangu zimegawiwa. Nilipouliza akanijibu kwa upole kabisa, "Mke wangu, ukiongelea huzuni unaikaribisha. Kuanzia leo ndani ya nyumba hii hatuongei mambo hasi." Tangu siku hiyo hata jina la mtoto halitajwi. Na kila jioni kabla ya kula, kila mmoja lazima aseme mambo matatu yaliyomfurahisha. Kulalamika ni mwiko. Ukisema umechoka, anakuambia urudie, tena kwa tabasamu.

Kuna jioni binti yetu alisema, "Mimi namkumbuka mdogo wangu." Baba yake akamwambia, "Hilo ni hasi, mama. Tafuta lingine." Mtoto akafikiria weee, akasema, "Nimekula ndizi." Akapigiwa makofi. Sikumpinga, kwa sababu mwenzangu alikuwa anaonekana mzima na mimi ndiye niliyeonekana mgonjwa.

Muhula huu nikaona binti anapungua kula. Nikimuuliza anasema ameshiba. Nikimgusa paji la uso anacheka na kukimbia. Asubuhi moja mwalimu wake wa darasa, maana anasoma shule ninayofundisha, akaniita mbio, nikamkuta amejikunja chini ya dawati, jasho linamtiririka, na hatoi hata sauti! Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, tukapanda bodaboda hadi hospitali. Daktari akasema kidole tumbo kimeshapasuka na usaha umesambaa, anatakiwa upasuaji haraka.

Baada ya upasuaji, alipoanza kuongea, daktari akamuuliza tumbo lilianza kuuma lini. Mtoto alimwangalia kwanza baba yake, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda. Kisha akasema polepole, "Siku nyingi. Sikusema kwa sababu ni hasi."

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa.

Mngetegemea mwanaume aanguke magoti, sivyo? Jioni ile amekuja na uji wangu, amekaa kitandani pale, anamwambia mtoto mwenye mpira puani, "Haya mama, tuseme mambo yetu matatu." Na mtoto akaanza kusema! Nilimwambia toka. Nilimwambia kwa sauti mpaka wodi nzima ikageuka. Mama mkwe, aliyekuwa ametoka Nambis kutuangalia, akamwambia mwanawe, "Hata ng'ombe akiumia analia, mwanangu. Wewe unawafundisha nini hawa?"

Nilimfuata nje, nikamkuta ameegemea ukuta. Akaniambia, "Nikimtaja yule mtoto nitaanguka. Nikianguka, nani atawalea?" Jamani, nilimwonea huruma kweli. Nikamshika mkono, nikamwambia basi tuanguke wote, tutainuka. Kesho yake nilipopiga simu kumwambia mtoto ameamka na homa, alikuwa anahema, yupo barabarani anakimbia.

Sasa tumerudi nyumbani. Yeye anasema lile lilikuwa jaribu na tumelishinda, na meza ya jioni inaendelea kama kawaida. Nikikataa kusema yangu, anasema kwa niaba yangu. Kaka yangu ananisihi niombe uhamisho nirudi Dodoma na mtoto. Mama mkwe anasema nivumilie, mwanawe ana msiba ambao bado haujatoka. Nami naamini ana msiba. Mume wangu si mtu mbaya, hajawahi kuniinulia mkono, na nikiondoka najua atabaki peke yake na ukimya wake.

Lakini jana nilikuwa nambadilisha binti bandeji. Ilikuwa imegandia kwenye kidonda, na nilipoivuta ikatoka na damu. Nikamuuliza, "Inauma, mama?" Akatikisa kichwa kwamba haiumi, anatabasamu, huku vidole vimeng'ang'ania godoro mpaka vimekuwa vyeupe. Baba yake hakuwepo. Tulikuwa mimi na yeye tu, mlango umefungwa, na bado alinificha mimi mama yake.

Ndugu zangu mnaosoma, wenye ndoa na mliowahi kuzika watoto, sitaki kubembelezwa, nataka mnielekeze. Nimchukue nihame naye, au nibaki nipambane humu humu ndani? Na mtoto aliyekwisha kufundishwa hivi, namrudishaje aweze kulia mbele yangu?